Sabufa ya ‘wati 10,000’: Ipime nyumbani kabla haijamaliza fedha na masikio ya watoto

Mahindi yakishauzwa, fedha ya mzazi huwa na njia nyingi za kutokea. Kuna sare za shule, kuna bati la jiko lililovuja tangu masika, na kuna ombi la watoto ambalo halikosekani: sabufa.

Katika maduka ya Chanika mjini Handeni na kule Manundu mjini Korogwe, sabufa hupangwa mbele ya mlango, taa zake za rangi zikicheza, muziki ukisikika hadi ng’ambo ya barabara. Kwenye boksi kuna namba kubwa kuliko hata jina la bidhaa: wati 5,000, wati 10,000, nyingine hata zaidi ya hapo. Muuzaji huongeza sauti kidogo, kifua cha mteja kinatetemeka, na mazungumzo ya bei yanaanza.

Tatizo ni kwamba namba ile ndiyo inayopandisha bei, na ndiyo inayomfanya baba au mama aongeze elfu hamsini ili achukue ‘kubwa’ badala ya ‘ndogo’. Ni mara chache mtu anauliza kama ni ya kweli.

Habari njema ni kwamba kuipima hakuhitaji maabara. Vifaa vinavyohitajika viko nyumbani tayari: mita ya Luku, simu janja, shuka na daftari la mtoto.

Hesabu ya plagi

Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma umeme anajua kanuni hii: wati ni volti mara ampea. Umeme unaofika majumbani hapa nchini ni volti 230. Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha, utapata wati 2,990. Hiyo ndiyo nguvu ya juu ambayo plagi hiyo inaweza kupitisha kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika.

Sabufa ya wati 10,000 ingehitaji zaidi ya ampea 43. Waya wake ungekuwa mnene kuliko ule wa jiko la umeme. Lakini waya wa sabufa nyingi ni mwembamba kuliko wa pasi, na hata haupati joto.

Kwa zile zinazotumia adapta, jibu ni rahisi zaidi, kwa sababu limeandikwa kwenye adapta yenyewe. Ikiwa imeandikwa volti 12, ampea 2, basi kinachoingia ndani ya sabufa ni wati 24. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo kile ambacho hakikuingia.

Wakazi wa Korogwe wana kipimo kingine karibu nao. Kituo cha kufua umeme cha Hale, kwenye Mto Pangani, kilijengwa miaka ya 1960 kikiwa na uwezo wa megawati 21, yaani wati milioni 21. Kama sabufa moja ingekula wati 10,000 kweli, sabufa 2,100 tu zikiwashwa kwa pamoja zingemaliza umeme wote wa Hale. Siku ya Idi au Krismasi pekee, mkoa mzima ungekuwa gizani.

Namba hiyo inatoka wapi?

Wenye viwanda hawakuiokota njiani. Mara nyingi pembeni ya namba kubwa kuna herufi ndogo: PMPO. Huo ni mtindo wa kutaja nguvu ya kishindo cha sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hesabu ambayo kila kiwanda hujifanyia kivyake. Hakuna kanuni moja inayoibana. Kiwanda kimoja kinaweza kuandika 3,000 na kingine 12,000 kwa vifaa vya ndani vinavyolingana.

Namba yenye maana kwa mnunuzi ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa mfululizo. Hii huwa ndogo, ndiyo maana huandikwa nyuma ya boksi, kwenye karatasi ya maelekezo, au haiandikwi kabisa. Sabufa ya ‘wati 8,000’ ikionekana na RMS ya wati 30 au 40, mzazi asishangae. Na wati 30 au 40 si aibu. Kwa sebule ya kawaida zinatosha na kubaki.

Ujanja huu ni wa zamani na haukuanzia Afrika. Nchini Marekani, matangazo ya nguvu za amplifaya yalivuruga soko kiasi kwamba Tume ya Biashara ya Shirikisho ililazimika kutoa kanuni mwaka 1974, ikiwataka watangazaji wa amplifaya za nyumbani wataje nguvu ya mfululizo iliyopimwa kwa utaratibu maalumu.

Luku haidanganyi

Katika nyumba za kupanga, sabufa huleta ugomvi wa aina mbili. Wa kwanza ni kelele. Wa pili ni uniti: wapangaji wanaochangia Luku humtazama mwenye sabufa kama ndiye anayemaliza umeme wa nyumba nzima. Kipimo kimoja kinaweza kumaliza ugomvi huo na kufichua ukweli wa boksi kwa wakati mmoja.

Mita nyingi za Luku zina kataa kekundu kanakowaka na kuzima. Pembeni yake pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa hiyo huwaka mara 1,000 kwa kila uniti moja.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja za simu zikiwamo. Hakikisha taa ya mita imetulia. Washa sabufa peke yake, weka wimbo kwa sauti ya juu kabisa ambayo familia huitumia, kisha hesabu sekunde kutoka mwako mmoja hadi mwingine. Rudia mara tano, upate wastani.

Kwa mita ya 1,000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Ikiwa ni sekunde 90, sabufa inakula wati 40. Kwa mita ya 1,600, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Mita ikiwa juu ya nguzo na taa haionekani vizuri, andika uniti zilizobaki, acha sabufa peke yake kwa saa kadhaa, kisha soma tena na utoe.

Sasa fanya hesabu ya nyumba. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Sabufa ya wati 40 inaweza kupiga saa 25 kwa uniti moja. Ikiwashwa saa tano kila siku itatumia takribani uniti sita kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti hiyohiyo kwa saa moja tu ikiwa inachemka mfululizo. Na kama namba ya 10,000 ingekuwa kweli, uniti moja ingeisha kwa dakika sita. Hakuna mpangaji ambaye angevumilia hilo hata kwa siku moja.

Kwa familia za vijijini zinazotumia sola, betri ndiyo mita. Betri ndogo ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 7 kwa saa hubeba takribani wati 84 za saa moja. Sabufa ya wati 1,000 ingeimaliza kwa dakika tano. Ikiwa imepiga kuanzia magharibi hadi saa nne usiku na bado ipo hai, basi wastani wake haukuzidi wati 28, hata boksi liseme nini.

Wati nyingi si sauti kubwa

Hapa ndipo wengi hupotea. Mzazi hudhani sabufa ya wati 100 ina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Sivyo sikio linavyofanya kazi.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli tatu tu, tofauti ambayo mtu huisikia kama kuongezeka kidogo. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya wati 30 na 40, ambayo huenda ikakuongezea bei, ni kidogo mno kwa sikio, zaidi kidogo ya desibeli moja.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halilisemi: spika zenyewe hazilingani. Spika za kawaida za nyumbani hutoa kati ya desibeli 85 na 90 zikipewa wati moja tu na kupimwa umbali wa mita moja. Iliyo nzuri ikipewa wati 20 inaweza kuizidi iliyo duni inayopewa wati 40.

Tukitumia hesabu hiyohiyo, wati 10,000 halisi zingefikisha desibeli 125 hadi 130 kwa mita moja. Hicho ni kiwango ambacho sikio huanza kuuma. Familia isingeweza kukaa sebuleni.

Simu janja inaweza kusaidia kupima. Zipo programu za bure za kupimia desibeli. Namba zake si za kuapia, kwa kuwa vinasa sauti vya simu vinatofautiana na vingi hulemewa sauti ikizidi, lakini kwa kulinganisha zinafaa sana. Sharti ni moja: simu ileile, mahali palepale, wimbo uleule. Iweke simu mita moja mbele ya sabufa ya kwanza, andika. Kisha ya pili, hapohapo ilipokuwa ya kwanza, kwa sababu sabufa ikisogezwa kwenye kona ya chumba besi huongezeka bila kifaa kubadilika. Wauzaji wazoefu wanalijua hilo.

Mtihani wa besi

Karibu kila boksi limeandikwa 20Hz–20kHz. Huo ndio upeo wa sikio la binadamu mwenye usikivu mzuri, kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000. Kuandika hivyo ni rahisi. Kufika huko ni kazi nyingine.

Pakua programu ya kutoa milio, unganisha simu na sabufa, weka sauti ya wastani. Anza na hezi 200, shuka polepole: 150, 100, 80, 60, 50, 40, 30. Mtoto mmoja aandike kwenye daftari pale mlio unapoanza kufifia, na pale unapogeuka kuwa mgongano au mkwaruzo badala ya mlio safi. Usiongeze sauti ili kuulazimisha; milio hii ikipigwa kwa nguvu inaweza kuunguza koili ya spika.

Sabufa ndogo zenye spika ya nchi nne hadi sita aghalabu hulegea kabla ya kufika hezi 40. Sauti ya hezi 20 kutoka kwenye boksi la ukubwa wa ndoo ni ahadi tupu. Angalia pia kama kinachotetemeka ni sabufa au ni bati la nyumba, vyombo vya kabatini na kioo cha dirisha. Mara nyingi ‘mzito’ anaosifiwa na vijana ni kelele ya vitu hivyo.

Sikiliza bila kuona

Baada ya namba, zamu ya masikio. Lakini masikio yana udhaifu mmoja: huongozwa na macho.

Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika kampuni ya Harman huko Marekani. Wafanyakazi 40 walisikiliza spika nne, kwanza bila kuziona kisha wakiziona. Maoni yao yalibadilika. Spika kubwa na za bei zilipata alama zaidi zilipoonekana; mfumo mdogo wa bei nafuu, uliofanya vizuri nyuma ya pazia, ulishuka pazia lilipoondolewa. Spika hazikubadilika, ila watu walikuwa wameona.

Familia inaweza kufanya jaribio kama hilo sebuleni, na watoto hulifurahia kama mchezo. Mathalani nyumba ina sabufa ya zamani, na jirani amekubali kuazima yake mpya anayoisifu. Ziweke pamoja nyuma ya shuka au kanga iliyotundikwa. Tumia simu kusawazisha sauti zake mpaka zitofautiane kwa chini ya desibeli moja. Hatua hii isirukwe, kwa sababu chombo kilichozidi sauti kidogo tu huonekana ‘kizuri zaidi’ hata kama si kizuri. Ndiyo sababu muuzaji akitaka uchukue fulani, huipandisha sauti.

Mtu mmoja awe nyuma ya shuka. Arushe sarafu kuamua ianze ipi, na asiseme chochote. Wengine wasikilize wimbo uleule kwa nusu dakika kila upande, kisha kila mmoja aandike chaguo lake kimya, bila kumtazama baba. Baba akishasema anapenda ipi, watoto watakuwa wameshaipenda.

Rudieni mara kumi. Kama swali ni ‘je, tofauti ipo kweli?’, hesabuni waliobahatisha na waliopatia. Mtu anayebahatisha atapatia mara tano hivi kati ya kumi. Kupatia mara tisa au zaidi kwa kubahatisha hutokea takribani mara moja katika mia, hivyo aliyefika hapo anasikia kitu cha kweli. Aliyepata sita au saba hajathibitisha lolote, hata akiapa.

Njia hiyohiyo hupima madai mengine ya dukani: waya wa ‘dhahabu’ dhidi ya waya wa kawaida, au sabufa ya ‘toleo jipya’ dhidi ya lile la mwaka jana.

Masikio ya mtoto hayana spea

Kuna namba moja muhimu kuliko zote, na haimo kwenye boksi. Ni desibeli zinazofika pale mtoto anapokaa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda hupungua kwa nusu. Kwa mtoto, desibeli 78 ni saa 20 kwa wiki, 81 ni saa 10, 84 ni saa tano, 87 ni saa mbili na nusu, na 90 ni saa moja na robo. Hiyo ni kwa wiki nzima, si kwa siku.

Iweke simu mahali ambapo mtoto hufanyia kazi za shule au hulala, muziki ukiwa kwa sauti ya kila siku. Ikisoma 84 na muziki ukapigwa saa mbili kila jioni, kufikia Jumatano mtoto amekaribia kumaliza muda wake wa wiki, bila kuhesabu harusi ya Jumamosi ambako watoto hupenda kucheza mbele kabisa ya spika.

Usipokuwa na simu, tumia kipimo cha wazee: ikibidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pana kelele kupita kiasi. Mtoto akilalamika masikio yanapiga filimbi baada ya sherehe, asikemewe. Sikio lake linatoa taarifa. Mlio usipoisha, au akianza kusema “ee?” kila anapoitwa na kuongeza sauti ya runinga, apelekwe hospitali akapimwe. Chembe za ndani ya sikio zinazonasa sauti zikifa hazioti tena, wala fundi hana spea yake.

Ukienda dukani

Nenda na flashi yako yenye nyimbo mbili unazozijua vizuri, mmoja wenye besi na mwingine wa sauti ya mtu peke yake, kwa mfano kaswida au kwaya. Maneno yasiposikika vizuri, besi haitakusaidia kusikiliza taarifa ya habari.

Uliza RMS, si PMPO. Soma adapta au kibandiko cha nyuma. Omba sabufa mbili zilinganishwe kwa sauti sawa, ukiwa umezipa kisogo. Na usiondoke bila risiti na dhamana iliyoandikwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopokea malalamiko ya aina hiyo. Bila risiti, malalamiko hayana miguu.

Huenda baada ya yote hayo mzazi akanunua ileile aliyoipenda tangu mwanzo. Hakuna ubaya. Ila atakuwa amelipia sauti aliyoisikia, si namba iliyochapishwa, na ile elfu hamsini ya ‘kubwa’ itakuwa bado iko mfukoni, ikisubiri sare za Januari.